Sikio la Kushoto la Mbaruku

Jana, usingizi uliponipitia tu, nikaota mume wangu ameongeza mke, na mke mwenyewe ni kampuni.

Sikushtuka. Ndotoni mtu hashtuki pale panapostahili. Nilikuwa barazani napepeta mchele, nikasikia vigelegele vinatoka kwenye simu ya Mbaruku, iliyokuwa juu ya stuli inachajiwa.

"We, punguza sauti," nikaiambia.

"Siwezi, bi mkubwa," simu ikanijibu. "Leo harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya bwana na Sebule."

Nikaweka ungo chini. Mchele ukaendelea kujipepeta wenyewe.

Kabla sijaenda mbali, nieleze. Mbaruku ni mume wangu, fundi wa mafriji hapa Ngamiani, Tanga. Ni mwanaume mrefu, kifua kama kabati, haongei mpaka aulizwe. Mimi ni Saumu, na nina wivu. Sitaki kulipambapamba jambo lenyewe. Nina wivu wa kumnusa mtu shati. Sebule ni ile programu ya kwenye simu ambayo watu wanashinda humo kutwa, wanaonyeshana picha na kuuziana vitu. Mbaruku aliiweka ili wateja wampate, na tangu siku hiyo anaichekea. Mimi nikimsimulia jambo la kuchekesha anasema "Ehee." Simu ikimwonyesha mbuzi amepanda pikipiki, anacheka mpaka anafuta machozi. Sasa niambie, mie nisione wivu?

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho peke yangu. Mbaruku hapati usingizi mpaka ashikwe sikio la kushoto. Mwanaume mzima, na ndevu zake. Bibi yake aliyemlea kule Pangani alikuwa akimshika ndewe ya sikio mpaka alale, na bibi alipofariki akawa mtu wa kukesha tu, mpaka aliponioa. Aliniambia wakati wa fungate, kanipa mgongo kwa aibu. "Saumu, hili usimwambie mtu." Na mie sikumwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Kila siku anazima simu, ananigeuzia sikio, nalishika kwa vidole viwili, na kabla sijamaliza dua zangu keshakoroma. Sebule hana hilo. Hilo ni langu.

Basi, turudi barazani.

Mtu anabisha hodi. Nasema karibu, maana mgeni ni mgeni. Anaingia mwanamke kajitanda baibui linalong'aa kama kioo cha dirisha, na nyuma yake wachukuzi wamebeba masanduku. Kila sanduku limeandikwa jina la mume wangu. Mwanamke anajifunua uso, na uso ni wa Aziza.

Aziza ni muuza vitenge wa barabara ya ishirini. Mbaruku aliwahi kubonyeza moyo kwenye picha yake moja, na huo moyo mimi sijausahau mpaka leo.

"Wewe ni Aziza?" nikamwuliza.

"Mimi ni Sebule. Huu uso nimeuvaa kwa ajili yako, bi mkubwa, ili usinione mgeni. Ndiye unayemtazama kuliko mtu yeyote duniani. Kila siku unaingia kumchungulia, unashuka mpaka picha zake za shule."

"Mimi?"

"Wewe, kwa simu yako. Juzi ulimchungulia ukiwa chooni."

Mtu akishakutajia choo, huna la kumjibu.

Mbaruku akatoka ndani, kavaa kanzu nyeupe na kofia yake ya Iddi, anatazama miguu yake.

"Mbaruku, nini hiki?"

"Saumu, wallahi sikujua. Iliniletea maneno marefu, chini yake pameandikwa Nakubali. Nilikuwa nimeshika friji la watu. Nikabonyeza tu yapite."

"Ukabonyeza bila kusoma?"

"Yalikuwa marefu, Saumu."

Sebule akawapigia makofi wachukuzi, wakaleta mkeka. Wakautandaza kuanzia barazani kwetu, ukavuka barabara, ukapita sokoni, ukaendelea. Watu wa kule mwisho walikuwa wanapiga simu kuuliza umeanzia wapi. Nikainama nikautazama. Ukili wake wote umesukwa maneno, madogo madogo, kama mchwa waliojipanga.

"Hapa," akasema Sebule, akanionyesha kwa kidole cha mguu. "Mtumiaji na kampuni wataishi pamoja kwa muda ambao haukutajwa. Kampuni itajua alipo, anakokwenda na anachotamani. Kampuni itakuwa na zamu."

"Na shahidi ni nani?"

Kidole gumba cha Mbaruku kikainuka chenyewe. "Nilikuwepo," kikasema. "Mimi ndiye niliyebonyeza."

Mbaruku akakitazama kidole chake kwa masikitiko makubwa. Nikamhurumia kidogo, halafu nikakumbuka kwamba nimekasirika.

"Tangu uiweke hiyo Sebule ulikuwa unaukalia mkeka huu, hukuona kama una maandishi?"

"Nani anasoma mkeka, Saumu? Mkeka unakaliwa."

Kwetu mwanaume akiongeza mke, yule wa kwanza haachwi hivihivi, lazima apewe kitu cha kumtuliza moyo. Kanga doti mbili, pete, chochote. Nikasimama, nikanyoosha mkono. Sebule akanipa kifurushi cha intaneti cha wiki nzima, cha bure, kimefungwa utepe. Nikakipokea. Siwezi kusema uongo, nilikipokea, tena nikauliza kama kina dakika za kuongea.

Akapewa chumba cha uani, ambacho nyumba yetu haina.

Mchana wake nikaamua kumwonyesha nani mke. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikaweka pilipili ya kukaanga pembeni. Nikamkaribisha bwana. Sebule yeye hakuwasha hata jiko. Alikuja na sahani moja iliyofunikwa, akaiweka mbele ya Mbaruku, akafunua. Makopa. Muhogo mkavu wa kuchemsha, na nazi juu, kama wanavyopika Pangani.

Mbaruku anakula makopa huku kafumba macho. Wali wangu unapoa. Samaki ananitazama kwa huruma.

"Umejuaje?" nikamwuliza yule mwanamke.

"Jumanne alipita mbele ya duka la makopa akapunguza mwendo."

"Akapunguza mwendo tu?"

"Inatosha."

Jamani, niliumia. Miaka yote namlisha mtu huyu, sikuwahi kujua kwamba anatamani makopa ya bibi yake. Na mimi ndiye ninayelala naye! Nikaokota sahani zangu nikaenda kuziosha zikiwa na chakula.

Nilipopita uani nikamkuta anafungua masanduku. La kwanza lilikuwa na nyayo za Mbaruku, kila alikopita, zimepangwa kama viatu dukani. La pili lilikuwa na vicheko vyake, vimekunjwa vizuri kama mashati yaliyopigwa pasi. Nikachukua kimoja nikakikunjua. Kikatoka kicheko ambacho sijakisikia tangu tulipokuwa wachumba.

"Hiki alicheka lini?"

"Juzi," akasema Sebule. "Kwa mbuzi."

Nikakikunja nikakirudisha.

"Na hawa ni nani?" Maana uani kulikuwa na watu wamepanga foleni, kila mmoja na kikombe chake, kama vile maji ya bomba yametoka.

"Hao ni washirika wangu. Nilichonacho nagawana nao, imo kwenye mkeka."

Mshirika wa kwanza alikuja kuchukua goti bovu la Mbaruku ili amuuzie dawa. Wa pili alichukua hofu zake, anauza bima. Wa tatu nikamwuliza, "Na wewe unataka nini?"

"Chochote," akanijibu kwa adabu. "Bado hatujajua kitatufaa nini. Tunakusanya tu."

Zamu ya Sebule ilipoingia sikuona kitu, kwa sababu palikucha hapohapo. Ndoto ina staha zake. Asubuhi akatoka chumbani na ule uso wa Aziza umevimba, akaja kunisimamia jikoni.

"Bi mkubwa, bwana hakulala."

"Pole," nikasema. Nikageuza chapati.

"Kuna kipande sina. Siku zote anazima simu, panakuwa giza, halafu analala. Wenzake wote wakizima simu hugaagaa kwanza, huwasha tena, hutazama saa. Yeye hagaagai. Kuanzia kuzima mpaka kulala, pale katikati, sina kitu. Unamfanya nini?"

"Si umwulize mwenyewe?"

"Nilimwuliza. Alinipa mgongo."

Nikafurahi, jamani! Nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele kimoja peke yangu, chapati ikaungua na sikujali. Alinipa mgongo mimi akaniambia, akampa mgongo yeye akanyamaza. Nikamwona Mbaruku ni mwanaume wa wanaume.

Ila mwenye wivu ukimpa kimoja anataka na cha pili. Nilipotulia, mawazo yakarudi kwenye masanduku. Huyu mwanamke anajua kila kitu. Basi katika sanduku mojawapo humo limo jambo la Aziza. Moyo ule aliubonyeza kwa nini? Usiku au mchana? Akiwa kakaa au kasimama? Nikaenda kwenye friji kutafuta maji.

Friji letu ni la zamani, mlango wake unafungwa kwa kamba. Ndiyo, na mimi ni mke wa fundi wa mafriji, kila mtu keshanitania, wewe usijisumbue.

"Saumu," friji likasema, "yule usimwambie neno. Mimi nipo humu tangu mwoane, nasikia yote, na sijawahi kumwambia mtu."

"Unatunza siri kweli wewe."

"Si siri. Sijaunganishwa na intaneti."

Nikafungua kamba. Ndani hakukuwa na maji. Kulikuwa na Ofisi ya Kutetea Wateja.

Nikaingia. Makarani wote wamevaa masweta, pumzi zinawatoka moshi. Kwenye meza kubwa imekaa mizani ya sokoni, ya sahani mbili, imevaa tai. Ikiongea inainama upande huu, ikifikiri inainama upande wa pili.

"Mlalamikaji ni wewe au mumeo?" ikaniuliza.

"Aliyebonyeza ni mume wangu. Ninayeumia ni mimi."

"Sheria haina kifungu cha anayeumia," mizani ikasema. "Lakini kaa. Huyo mwanamke namjua. Ameolewa na nusu ya mji, na hakuna mke mkubwa hata mmoja aliyealikwa harusini. Mumeo ana haki zake, ngoja nikutajie. Ana haki ya kukataa. Aseme hataki, mwanamke ataondoka."

"Mbaruku? Yule hawezi kumkatalia hata mtoto anayeuza karanga."

"Basi ana haki ya kusahauliwa."

"Hiyo!" Nikasimama. "Hiyo hiyo. Amsahau kabisa!"

"Kaa chini, bibi. Akisahauliwa amesahauliwa. Na wateja wake watamsahau, na ndugu zake, na wewe."

Ikaelekeza sahani moja pembeni. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu waliosahauliwa, watulivu, mikono magotini. Mmoja akaniuliza kama mimi ni dada yake. Nikamwambia si mimi, ingawa kusema kweli hata mimi sikuwa na uhakika. Akashukuru akaendelea kukaa.

"Hiyo siitaki," nikasema.

"Iko nyingine. Haki ya nakala. Kampuni inalazimika kumletea nakala ya kila inachokijua juu yake. Mke anaweza kupokea kwa niaba yake."

Nikaisogelea meza. "Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na watu anaowabonyezea mioyo?"

Mizani ikainama, ikanitazama. "Bibi, nakala hii unaitaka kwa ajili ya mumeo au kwa ajili yako?"

"Ndiyo," nikasema.

Sahani zake zikapanda na kushuka, halafu ikanigongea muhuri kwenye kiganja cha mkono.

"Nikuonye jambo moja," ikasema. "Nakala ikifika, na wao watakuwepo, wanatazama unavyoipokea. Soma, shukuru, ingia ndani ufunge mlango. Usiwaongezee kitu. Wanaleta walichonacho ili waone unashtukia nini."

"Mimi si mtoto, bwana," nikaiambia. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Nikasukuma mlango nikatoka, ila si kwenye friji letu. Nilitokea kwenye friji la mteja, ndani ya karakana ya Mbaruku. Mwenyewe yuko chini anafungua skrubu, bado na kanzu ya harusi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Umetoka wapi?"

"Ofisini."

"Haya. Rudishia mlango, baridi inatoka."

Nikaurudishia, na nilipogeuka nikawa barazani kwetu.

Nakala imeshafika. Imo ndani ya boksi la friji, lile refu, limeandikwa liwekwe wima. Sebule kakaa kwenye stuli, kakunja miguu, kauvaa uso wake wa Aziza, ananitazama. Washirika wamekuja kutoka uani, wamesimama na vikombe vyao. Nakata kamba. Boksi linafunguka. Anatoka Mbaruku.

Ni yeye. Urefu wake, kifua chake cha kabati, kovu lake la kidole, harufu yake ya gesi na sabuni ya mche. Nilimnusa shati. Alikuwa sawasawa.

"Wewe nani?" nikauliza.

"Nakala," ikasema kwa sauti ya Mbaruku. "Asalaam aleykum."

Nikaitikia. Nakala au si nakala, salamu huitikiwa. Halafu nikaenda moja kwa moja kwenye jambo langu.

"Aziza ni nani kwako?"

Nakala ikasimama wima kama mwanafunzi anayejibu swali. "Aziza, muuza vitenge. Nilifungua ukurasa wake mara moja. Kwenye harusi ya jirani mke wangu alikisifia kitenge cha rangi ya embe bivu. Nilikuwa nakitafuta. Nikabonyeza moyo ili nisije nikakipoteza."

"Halafu?"

"Halafu nikatazama mbuzi."

"Na baada ya mbuzi?"

"Dawa ya goti. Kompresa ya friji. Halafu niliandika, mke akinuna bila kusema sababu ufanyeje."

"Hilo uliliandika lini?"

"Hilo huwa naliandika kila Ijumaa."

Nikakaa chini, palepale kwenye mkeka, juu ya masharti. Nikaona haya, nikaona raha, vyote kwa pamoja. Kitenge cha rangi ya embe! Na mimi nimenuna mwaka mzima. Nikataka kuinuka nikimbie karakana, nikamkumbatie mume wangu wa kweli na kanzu yake chafu. Laiti ningeinuka.

Sebule akakohoa.

"Umeridhika, bi mkubwa? Huyo ndiye Mbaruku mzima mzima, hakuna kilichobaki. Mimi nitabaki na yule wa karakana, wewe kaa na huyu. Hutaona tofauti."

"Mzima?" nikasema. "Huyu?"

Nikacheka. Friji kule ndani likaniita, "Saumu, Saumu, njoo unywe maji." Sikulisikiliza.

"Huyu wako hata kulala hajui!"

"Anajua. Anazima simu, analala."

"Hebu mlaze tuone."

Nakala ikajilaza kwenye mkeka, ikanyoosha miguu, ikakodoa macho kutazama dari. Tukasubiri. Ikaendelea kukodoa, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Washirika wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu, Sebule hakuwa na la kusema, na mimi utamu ulinipanda mpaka kichwani.

"Unaona?" nikamwambia. "Vicheko vyake unavyo, goti lake unalo, makopa ya bibi yake unayo. Lakini kumlaza huwezi, mama! Ninayemlaza ni mimi. Nyumba hii mke ni mmoja. Kwa vidole viwili tu!"

Na mkono wangu, Mungu ndiye anayejua kwamba sikuutuma, ukaenda wenyewe, ukashika ndewe ya sikio la kushoto la ile nakala.

Nakala ikavuta pumzi ndefu. Ikafumba macho. Ikaanza kukoroma, mkoromo wake hasa, ule wenye kafirimbi mwishoni.

Vigelegele vya kwenye simu vikakoma. Washirika wote wakainua vikombe vyao kwa pamoja. Mimi nimepiga magoti kwenye mkeka, nimeshika sikio, siwezi kuliachia.

Sebule akauvua ule uso wa Aziza. Chini yake hapakuwa na uso mwingine. Palikuwa na kioo, na ndani ya kioo nikajiona mimi, na mkono wangu pale ulipo.

"Asante," akasema, "kwa kutusaidia kuboresha huduma zetu."

Akasimama. Wachukuzi wakaanza kubeba masanduku, wakamrudisha Mbaruku wa nakala kwenye boksi, bado anakoroma.

"Unakwenda wapi? Zamu yako haijaisha!"

"Zamu sina haja nayo tena," akasema. "Je, ungependa kutupa maoni yako?"

Nikamtukana. Tusi lenyewe silirudii hapa, lilikuwa la sokoni.

"Maoni yako yamepokelewa," akasema, akatoka.

"Rudisha!" nikapiga kelele. "Rudisha hilo, lile si lako! Chukua kifurushi chako, chukua mume nakala, chukua hata makopa!" Nikamfukuza nikiwa juu ya mkeka, na wale wa kule mwisho wakaanza kuukunja wakija huku, na mimi nakimbia na barabara inajikunja chini ya miguu yangu, mpaka mkeka ukaisha, nikaanguka.

Nikaamka kitandani.

Kulikuwa kunapambazuka. Mbaruku amesharudi kutoka msikitini, amekaa ukingoni mwa kitanda na kofia yake, simu mkononi, mwanga unampiga usoni. Hakuwa anacheka. Nikafurahi kumwona, nikaona ajabu namna nilivyofurahi. Nikataka kumwambia leo nampikia makopa.

"Vipi, bwana?" nikasema.

Akaninyooshea simu. Tangu tuoane nimeichukua simu hiyo mara nyingi, alipokuwa anaoga, alipokuwa kalala, lakini kunipa yeye mwenyewe mkononi, ilikuwa leo.

Nikatazama. Sebule ilikuwa wazi, na kulikuwa na tangazo la mto wa kulalia. Mto mzuri, mweupe, na ubavuni mwake umechomoza mkono mdogo wa mpira, wenye vidole viwili. Chini pameandikwa: "Hulali mpaka ushikwe sikio la kushoto? Mto huu utakushika mpaka asubuhi. Huhitaji mtu tena."

Nikalisoma mara mbili. Vidole vyangu vikaanza kuwasha.

"Saumu," Mbaruku akasema taratibu, "umemwambia nani?"

Ile sauti naijua. Ni yangu. Ndiyo ninayomwulizia yeye kila siku ya Mungu, nani huyo, ulikuwa wapi, unamchekea nani. Sikujua kama inauma namna ile.

"Sijamwambia mtu," nikasema. "Wallahi, Mbaruku, sijamwambia mtu."

"Tulikuwa tunajua wawili tu."

Nikafungua mdomo nimweleze yote, mkeka na mizani na boksi la friji, nimwombe radhi na kwa kile kitenge. Halafu nikaiona simu. Nilikuwa nimeiweka kitandani, katikati yetu, kioo juu, bado inawaka. Nikafunga mdomo. Na yeye akaniona nilivyoufunga.

Akaichukua simu akaizima. Akavua kofia, akaitundika kwenye msumari. Kila akitoka swala ya alfajiri hujilaza tena kidogo mpaka jua litoke, na hunigeuzia sikio bila ya kuniambia neno. Nikanyoosha mkono, kama siku zote. Mbaruku akavuta shuka, akageuka, akalilalia sikio lake la kushoto.